Shawa inavuja: jua inavuja lini kabla hujavunja kigae

Kigae cha kwanza nilichovunja bafuni kwangu nilikivunja bure. Ukuta wa chumba kinachopakana na bafu ulikuwa umefura rangi usawa wa goti, na unga mweupe wa chumvi umechomoza kama mtu kapaka chokaa kwa vidole. Fundi akautazama, akagonga mara mbili, akasema bomba la ndani limepasuka. Tukavunja vigae vitatu. Bomba tukalikuta kavu kama kuni. Maji yalikuwa yakiingilia nyuma ya sahani ya koki, ile duara ya chuma inayofunika tundu la ukutani, kila mtu alipokuwa akioga. Yakishaingia huko yanateremka nyuma ya vigae mpaka chini, ndipo yanatokea upande wa pili. Dawa yake ilikuwa mstari wa silikoni usiozidi shibiri. Vigae vya kufanana na vile vitatu sijavipata mpaka leo.

Tulikosea swali. Tuliuliza maji yanatoka wapi, na ukuta ukatujibu pale ulipolowa. Lakini maji yakiingia nyuma ya vigae hayakai yalipoingilia. Hufuata mgongo wa bomba, ufa wa plasta, mteremko wa sakafu, mpaka yapate pa kutokea. Doa la darini linaweza kuwa hatua tatu kutoka penye tundu. Siku hizi naanza na "lini", kwa sababu kila sehemu ya shawa ina saa yake ya kuvuja:

Ikivuja usiku na mchana, hata nyumba nzima imelala, tatizo liko kwenye bomba lenye presha au kwenye koki yenyewe.
Ikivuja pale tu shawa inapofunguliwa, tazama kipande cha bomba kati ya koki na kichwa cha shawa, pamoja na viungio vyake.
Ikivuja maji yanapoteremka kwenye tundu la sakafu, ni trapu (kipinda cha chini ya tundu kinachobaki na maji ili kuzuia harufu) au bomba la maji machafu.
Ikivuja mtu anapooga tu, na majaribio mengine yote hayatoi kitu, ni vigae, silikoni au mlango.

Majaribio ya kutenganisha hayo manne yanataka ndoo, kalamu, kitambaa na subira. Nyundo iache stoo kwanza.

Je, kweli ni uvujaji?

Mvuke wa maji moto ukigusa bomba baridi hugeuka matone, na matone hayo hutiririka kama kuna tundu. Bandika kipande cha nailoni ngumu, ukubwa wa viganja viwili, kwenye ukuta wenye unyevu, uzibe kingo zote nne kwa tepu. Kiache siku moja au mbili. Unyevu ukijikusanya juu ya nailoni, unatoka hewani: fungua dirisha, weka feni ya kutolea mvuke. Ukijikusanya chini yake, unatoka ukutani. Na kama ukuta ni wa nje na doa huongezeka mvua ikinyesha, achana na shawa, panda ukaangalie paa na mfereji wake.

Mita haidanganyi

Watu wakishamaliza kutumia maji, funga koki zote, soma mita mpaka tarakimu ya mwisho, andika, kisha maji yasiguswe kwa saa mbili. Mita nyingi zina kipembetatu au kigurudumu kidogo kinachozunguka hata kwa mtiririko mwembamba. Kikicheza ilhali koki zote zimefungwa, kuna mahali maji yanapita. Kama nyumba inatumia tangi la juu, funga maji yanayoingia tangini, weka alama ya tepu usawa wa maji, urudi asubuhi.

Kabla hujaishutumu shawa, kagua choo. Tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo, subiri nusu saa bila kuvuta maji. Rangi ikishuka kwenye bakuli, umempata mwizi, na shawa haina kosa.

Mita ikitembea na choo ni kizima, funga valvu inayopeleka maji kwenye hita kisha rudia. Mita ikitulia, tatizo liko upande wa maji moto. Hapo vua viatu utembee sakafuni, maana bomba la maji moto linalovuja chini ya sakafu mara nyingi huacha sehemu yenye uvuguvugu ambayo unyayo huitambua kabla ya jicho.

Mita isipotembea kabisa, shukuru. Mabomba yenye presha ni mazima, na kazi iliyobaki ni nafuu.

Kichwa cha shawa kinadondosha

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na wengi wanaoilalamikia hawana tatizo. Ukifunga shawa, maji yaliyobaki ndani ya kichwa, hasa kile kipana kama sahani, hukaa humo hadi yatakapotikiswa. Yanaweza kudondoka dakika kadhaa, yakanyamaza, kisha yakamwagika ghafla dakika kumi baadaye. Weka kikombe chini yake saa moja baada ya mtu wa mwisho kuoga. Kikombe kikiwa kikavu baada ya saa nyingine, lala usingizi. Kikiwa na maji, pima: mililita 250 kwa saa ni lita 6 kwa siku, zaidi ya lita 2,000 kwa mwaka.

Cha kujua ni kwamba kichwa cha shawa hakizuii maji. Kazi hiyo ni ya koki. Kwa hiyo kubadilisha kichwa kwa sababu kinadondosha ni sawa na kubadilisha mlango kwa sababu geti halifungi. Kama una koki mbili, ya moto na ya baridi, funga kwanza valvu ya maji moto peke yake. Matone yakikoma, koki mbovu ni ya moto. Yakiendelea, ni ya baridi.

Koki inayozungushwa mizunguko kadhaa ina washa ya mpira. Inayofunguka kwa robo mzunguko ina diski za kauri ndani ya katriji, yaani kipande cha ndani kinachotoka kizima. Yenye mkono mmoja wa kuchanganya moto na baridi nayo ina katriji. Ukijua unayo ipi, umemaliza nusu ya kazi.

Kwa koki ya washa: funga maji ya nyumba, fungua shawa mpaka itulie, kisha ziba tundu la sakafu kwa kitambaa. Usiruke hatua ya kitambaa. Skrubu ya mkono wa koki ni ndogo, inateleza, na ina mapenzi ya ajabu na trapu. Bandua kifuniko kidogo cha mbele kwa ncha ya bisibisi, toa skrubu, vuta mkono, kisha legeza nati kubwa kwa spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo. Zungushia kitambaa kwenye nati isichubuke. Shina la koki litatoka zima, na mwisho wake kuna kidude cheusi kama kitufe cha shati.

Kitazame vizuri. Washa nzima ni laini, na ukiibana kwa kucha inarudi. Iliyokwisha ni ngumu kama ukwaju uliokauka, ina mfereji wa duara uliochimbika usoni, na mara nyingine upande mmoja umemeguka. Ule mfereji ndio njia ya matone. Watu hukaza koki kwa nguvu zaidi ili isidondoshe, na kila wanapokaza wanauchimba zaidi. Nenda dukani na washa yenyewe mkononi, usiende na maelezo. Tofauti ya milimita moja inatosha kukurudisha.

Kabla ya kurudisha, ingiza kidole ndani ya tundu, ukiguse kiti cha washa, ule ukingo wa shaba ambao mpira hukalia. Kiwe laini mzunguko wote. Ukisikia kijino au bonde, washa mpya italiwa na kile kijino, na utakuwa hapo tena baada ya wiki chache. Kuna kifaa cha mkono cha kusagia kiti hicho. Fundi bomba mzuri anacho. Kiti kikiwa kimelika sana, badilisha koki nzima.

Diski za kauri hazichakai kama mpira, huharibiwa na mchanga. Ikianza kudondosha siku chache baada ya maji kukatika au bomba la barabarani kutengenezwa, huenda punje imeingia katikati. Toa katriji, isuuze, angalia kama diski zimechorwa. Zikiwa safi, rudisha. Zikiwa na mikwaruzo, nunua katriji nyingine ya aina ileile, kwani hazifanani na hazibadilishani hata kama kwa macho ni mapacha.

Maji yanatoka kwenye mkono wa koki

Yakitoka penye shina pale unapofungua, nati ya kubana shina imelegea au oringi, ile pete ya mpira ya kwenye shina, imechakaa. Kaza nati kidogo mno, kama mshale wa saa unavyosogea kwa dakika tano, ujaribu. Isipotosha, badilisha oringi na uipake grisi ya silikoni. Usipake mafuta mazito ya kujipaka mwilini, ingawa wengi hufanya hivyo: mafuta ya jamii ya petroli huvimbisha baadhi ya mipira, ikaoza mapema.

Maji yanachirizika kwenye shingo ya shawa

Shawa ikifunguliwa, maji mengine yanapita njia yake na mengine yanarudi nyuma kwenye mkono wa chuma mpaka ukutani. Fungua kichwa, safisha hesi, ile mistari ya kukazia, toa tepu kuukuu yote, zungusha tepu nyeupe mpya ya mabomba mara tano au sita. Shika mkono wa shawa mdomo wake ukikutazama, na uzungushe tepu kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Ukienda kinyume, kichwa kitaifumua tepu wakati unakikaza. Kaza kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa spana, basi. Kiungio cha plastiki kinachokazwa kwa hasira hupasuka, na ufa wake unaweza usionekane siku hiyo.

Mpira wa shawa ya kushika mkononi ni jambo jingine. Pale kinachozuia maji si hesi, ni washa bapa iliyo ndani ya nati. Nimeona mipira iliyofungwa tepu mpaka inafanana na kidonda, huku washa ilishaanguka zamani. Rudisha washa, tepu haihitajiki.

Na kama shawa inarusha maji pembeni huku katikati yanatoka kidogo, vitundu vimezibwa na chokaa ya maji. Presha isiyopata pa kutokea mbele hutafuta pa kutokea nyuma. Loweka kichwa kwenye siki kwa saa moja, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza.

Ukuta unalowa shawa ikifunguliwa

Kipande cha bomba kinachopanda kutoka kwenye koki hadi kichwa hakina presha shawa ikiwa imefungwa, ndiyo maana mita haikioni. Kijaribu hivi. Toa kichwa cha shawa, funga mdomo wa bomba kwa kizibo cha hesi, mara nyingi ni cha nusu inchi. Fungua maji baridi peke yake, maana ukifungua yote mawili huku njia ya kutokea imezibwa, baridi na moto vinaweza kusukumana kupitia koki. Acha robo saa hadi nusu saa. Hakuna tone lililogusa kigae wala sakafu, kwa hiyo ukuta ukilowa au dari la chini likidondosha, bomba hilo au elbo yake, kile kiungio cha kona, ndiyo yenye kosa.

Hapo ndipo kuvunja kunakuwa halali. Anza penye elbo iliyo nyuma ya mkono wa shawa, maana ndiyo inayotikiswa kila mtu anapogeuza kichwa cha shawa au kutundika taulo lililolowa pasipotakiwa. Kama upande wa pili wa ukuta ni wa chumba au kabati, vunjia huko: plasta na rangi hurudishwa kirahisi, vigae havirudishwi. Mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa moto, yale ya PPR, hayatibiwi kwa gundi wala kwa kufungwa mpira. Kipande hukatwa, kingine kikachomelewa kwa mashine yake.

Tundu la sakafu

Ndoo moja inatosha. Sakafu ikiwa kavu, mimina maji polepole moja kwa moja kwenye tundu, kwa faneli au kipande cha mpira, yasiguse kigae hata kimoja. Mimina ndoo mbili tatu. Kukilowa chini, ni trapu, kiungio chake au bomba la maji machafu. Kama sakafu yako ni dari la watu wengine, waambie kwanza, na mmoja awe anaangalia chini wakati wewe unamimina.

Kusipolowa, pima sakafu yenyewe. Ziba tundu barabara kwa kizibo cha mpira au kitambaa kilichofungwa ndani ya nailoni, jaza maji yafike sentimita tatu hivi lakini yasivuke kizingiti, chora mstari wa kalamu kwenye kigae usawa wa maji. Kando yake weka bakuli lenye maji, nalo lichore. Bakuli hilo ni shahidi wako. Ndani ya saa 24 maji hupungua kwa kukauka tu, na bila shahidi utaanza kubishana na mwenzako kama milimita mbili ni uvujaji. Sakafu ikipungua kuliko bakuli, maji yanapita. Chini kukianza kudondosha hata kabla ya muda, zibua mara moja, jibu umeshalipata.

Sakafu ikifeli mtihani huu, habari si njema. Saruji ya kuzibia kati ya vigae haizuii maji, kamwe haikuwa kazi yake, huyachelewesha tu. Kinachozuia ni tabaka la chini ya vigae, na likichanika hakuna cha kupaka juu kitakachodumu. Rangi za kuziba zinazouzwa kwa ahadi kubwa hukupa miezi kadhaa, na katika miezi hiyo zege linaendelea kulowa kimya. Vigae vinatoka, tabaka jipya linapakwa, likipandishwa ukutani angalau shibiri na kuunganishwa vizuri na ukingo wa trapu. Kabla fundi hajapanga vigae vipya, mwambie arudie mtihani uleule wa maji ya saa 24. Akikataa, tafuta mwingine.

Inavuja mtu anapooga tu

Majaribio yote yamepita na bado doa linarudi kila baada ya watu kuoga. Sasa mwagilia ukuta kwa kunyunyizia, ukianzia chini kwenda juu, sehemu moja kwa dakika kumi, na upumzike kati ya sehemu na sehemu. Ukianzia juu, maji yatateremka yakalowesha kila kitu na hutajua lipi ni lipi.

Pembe ndizo za kwanza kushukiwa: ukuta na ukuta, ukuta na sakafu, ukuta na beseni la shawa. Pembe zinacheza, na saruji haichezi, kwa hiyo hupasuka ufa mwembamba kama uzi. Pembe zinataka silikoni. Ile ya zamani itoke yote kwa wembe, kwa kuwa mpya haishiki juu ya kuukuu. Hilo ndilo kosa linalofanya watu waseme silikoni haifai. Futa kwa spiriti, acha pakauke siku nzima, bandika tepu pande mbili, jaza, lainisha kwa kidole kilicholowekwa maji ya sabuni, toa tepu kabla haijaganda. Kama unaziba beseni la shawa la plastiki, mtu asimame ndani wakati wa kujaza. Beseni hubonyea kwa uzito, na silikoni iliyowekwa bila uzito huchanika siku ya kwanza ya kuoga.

Mistari ya kati ya vigae ijaribu kwa tone. Dondosha maji machache juu yake: yakisimama kama ushanga, ni mizima, yakinywewa upesi na mstari ukawa mweusi, kwangua ujaze upya.

Halafu sahani ya koki, ile iliyonigharimu vigae vitatu. Izibe juu na pembeni, chini uache uwazi mdogo. Siku maji yakiingia au kiungio cha nyuma kikianza kuvuja, yatoke hapo mbele ya macho yako badala ya kubaki ukutani. Fremu ya mlango wa kioo nayo huzibwa kwa nje tu. Ukiziba na ndani, maji yanayoingia kwenye reli hukosa njia ya kurudi bafuni, yakatokea sebuleni.

Na mlango wenyewe uangalie kwa unyenyekevu. Mara kadhaa nimeitwa kutazama "bomba lililopasuka" nikakuta kichwa cha shawa kimeelekezwa kwenye mwanya wa bawaba. Kukigeuza nyuzi kumi kulitosha, na ilikuwa vigumu kidogo kumwangalia mwenye nyumba usoni.

Usiguse mwenyewe

Shawa inayochemsha maji kwa umeme ikivuja, zima swichi yake kwenye boksi la breka kabla hujaisogelea, na umwachie fundi umeme aifungue. Koki ikikupiga hata mtekenyo mdogo ukiishika, toka kwenye maji, zima umeme wa nyumba nzima, na watu wasioge mpaka chanzo kipatikane. Dari lililofura kama tumbo lina maji juu yake: ondoa watu chini yake, zima taa za chumba hicho, funga maji, ndipo upige simu.

Ukishatengeneza, usipake rangi kesho yake. Ukuta ulioloa miezi haukauki kwa siku mbili. Zungushia doa mstari wa penseli, andika tarehe pembeni, uangalie kila wiki. Doa likikaa ndani ya mstari huku likififia, endelea kusubiri. Likivuka, rudi kwenye ndoo.